Mwanangu avuta boti, giaboksi yanuka kuungua

BARUA

Assalamu alaykum, fundi wetu.

Mimi ni muuza samaki hapa Malindi, naishi Shela, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwaka jana niliuza kiwanja nilichorithi kwa mama, nikanunua pikapu ya kebini mbili, dizeli ya lita 3, otomatiki. Boti ninayo moja ya faiba, futi 23, yenye injini mbili. Trela yake nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa hapa mjini kwa mabomba mazito. Ina ekseli moja, na breki haina.

Anayeendesha ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu yuko darasa la tatu na mimi ndiye mama yake. Ni kijana mtulivu, hanywi wala hatafuni, na sijawahi kumsikia amegonga mtu wala mbuzi.

Majuzi, kusi ikielekea mwisho, tulitaka boti iende Kilifi ikapigwe faiba upya chini, iwe tayari kabla ya kaskazi. Ilikuwa imefungwa Mayungu. Siku ile maji yalikuwa mafu, hayakupanda, basi ikabidi trela ivutwe mwendo mrefu kwenye mchanga mkavu. Gari lilizama mara mbili. Mwanangu akalikanyagia, mbele na nyuma, mbele na nyuma, karibu nusu saa, mpaka vijana wa pwani wakaja kusukuma. Wakatoka hapo moja kwa moja wakashika njia.

Anasema walipopita Gede gari lilikuwa likipanda gia na kushuka lenyewe kila dakika. Karibu na Matsangoni ikawaka taa ya njano ya joto la oili ya giaboksi, na harufu ikaingia ndani kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi ya makaa. Akazima injini papo hapo, akafungua boneti, akaimwagia rejeta maji, akangoja dakika kumi, akaendelea. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzima mpaka Kilifi.

Tangu siku hiyo, asubuhi ukitia gia ya kwenda gari halishiki mara moja. Unahesabu moja, mbili, halafu linaruka kwa kishindo.

Nimeuliza mafundi watatu. Mmoja anataka shilingi 260,000 aweke giaboksi nyingine iliyotumika. Wa pili anasema nimwage oili iliyomo nitie nzito zaidi, haitaungua. Wa tatu anasema ninunue kipoza oili tu, kifungwe mbele, nisahau. Na shemeji yangu anasema nimnyang'anye kijana ufunguo, kwa sababu gari ameliua yeye.

Mwanangu tangu siku ile hali chakula vizuri, haniangalii usoni. Boti iko Kilifi, lazima irudi. Nifanye nini, na nimwambie nini huyu mtoto?

Mama Samaki, Shela, Malindi


JIBU

Waalaykumu salamu, dada yangu. Pole kwa gari, na pole zaidi kwa hilo la mwisho, maana giaboksi hutengenezeka.

Kwanza, usimpe mtu hata shilingi moja ya giaboksi leo. Gari liegeshe. Usilitume hata sokoni mpaka oili iliyomo ionekane kwa macho. Kusubiri sekunde mbili asubuhi kunaweza kuwa na maana mbaya, na kunaweza kuwa na maana nyepesi kabisa. Oili ikipata joto kupita kiasi hutanuka, na nyingine hutokea juu kwenye tundu la kupumulia giaboksi. Ikishapoa, iliyobaki ni pungufu, na giaboksi yenye oili pungufu hushika gia kwa kuchelewa, hasa imelala usiku kucha. Kwa hiyo lala chini ya gari, au umwambie kijana alale, mtazame kama ubavu wa giaboksi umelowa.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu hao mafundi watatu hakuna aliyekuuliza habari za mchanga wa Mayungu, na mambo yote yalianzia pale.

Kati ya injini yako na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga. Pana chombo cha duara kilichojaa oili, mafundi wanakiita konvata. Injini inazungusha upande mmoja, oili inarushwa, inasukuma upande wa pili, gari linakwenda. Gari likiwa limezama na kijana amekanyaga mafuta, upande wa injini unazunguka kwa nguvu zote na upande wa magurudumu umesimama au unajikokota. Nguvu yote ya dizeli ile haina pa kwenda, inabaki kuikoroga oili. Na oili ikikorogwa hivyo huchemka. Haihitaji nusu saa, dakika chache zinatosha. Na muda wote huo gari halisogei, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta, na juu kuna jua la Malindi.

Oili ya giaboksi hufurahia joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 huanza kuharibika upesi, na kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza maisha yake karibu nusu. Mpaka mnaondoka Mayungu, oili ile ilikuwa imeshapikwa. Msabaha, Gede, Matsangoni, huko taa ilikuwa inatoa habari ya jambo lililokwisha kutokea.

Ndiyo maana watu huponzwa na injini ya dizeli. Injini ya petroli ikizidiwa na mzigo hulia, dereva akasikia. Dizeli ina nguvu nyingi ikiwa katika mizunguko ya chini, inavuta bila kulalamika, na dereva hudhani kila kitu kiko sawa. Anayeumia amejificha nyuma yake.

Halafu njiani likaja la pili. Gari liliachwa kwenye D, ile nafasi ya kwenda mbele, ambapo giaboksi ya gia tano hutamani kufika ya tano upesi ili kuokoa mafuta. Kwa mzigo wa boti ya tano ni ndefu mno. Inaingia, inashindwa, inarudi ya nne, inapata nafuu, inaingia tena. Kila ikibadilisha, sahani zake za ndani husuguana, na ile klachi ndogo ya konvata inayofunga mwendo ukituliza huachia, joto likarudi upya. Matuta ya barabara ile yanazidisha. Dawa yake ni kuisogeza shingo ya gia pembeni na kuizuia isipite ya nne, au ya tatu palipo na mwinuko, na kutulia kwenye kilomita 70 kwa saa. Utaona mshale wa mizunguko umekaa 2,000 na kitu, umetulia. Mafuta yataenda zaidi kidogo. Yaache yaende.

La tatu ni kuzima injini taa ilipowaka. Hapo kila mtu angefanya vile, kwa sababu tumezoea kuwa gari likichemka unazima. Lakini pampu inayozungusha oili ya giaboksi inaendeshwa na injini. Ukizima, oili yenye moto inasimama palepale ilipo na kuendelea kuunguza mipira na sahani. Taa ile ikiwaka unatoka barabarani, unaweka P, ile ya kuegesha, unaiacha injini ingurume taratibu mpaka taa izime yenyewe. Ikizima, bado unangoja kidogo. Na isipozima kabisa, hapo safari imekwisha, unatafuta wa kukubeba.

Turudi kwa mafundi wako.

Huyu wa oili nzito mkatae leo hii, kwa heshima lakini kwa msimamo. Oili ya otomatiki haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Ndiyo inayosukuma valvu, ndiyo inayofunga sahani zishike, na imetiwa viungo maalumu vya kuamua sahani zishikane kwa ukali gani. Ukitia nzito, inachelewa kufika na sahani zinateleza, yaani joto jingine. Kitabu cha gari kinataja aina ya oili kwa jina. Tia hiyo, hata kama dukani watakuambia zote ni moja kwa sababu zote ni nyekundu.

Fundi wa kipoza oili yuko karibu na ukweli. Oili yako sasa hivi hupozwa ndani ya kitangi cha rejeta, imezungukwa na maji ya injini ambayo yenyewe ni moto. Kipoza cha nje, chenye mapezi kama rejeta ndogo, hufungwa mbele kwenye upepo, na oili hupitia kwanza kile cha zamani halafu hiki kipya kabla ya kurudi kwenye giaboksi. Kwa gari linalovuta boti katika joto la pwani ningekifunga bila kufikiri mara mbili. Lakini kukifunga juu ya oili iliyoungua ni kumvisha mgonjwa nguo mpya. Na mchangani, gari likiwa limesimama, kipoza hakina upepo wa kukisaidia.

Huyu wa giaboksi nyingine huenda yuko sahihi, huenda hayuko. Hatujui, na yeye hajui, kwa sababu hajafungua sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Mpeleke kijana kwa fundi mwenye kazi safi, gari lipoe, sampu ishushwe, oili itoke kwenye karai jeupe ili rangi ionekane, na ipimwe kwa lita, kwa sababu kiasi kilichotoka kitakueleza kama ilikuwa imepungua. Humo ndani mna sumaku ndogo. Sumaku yenye matope ya kijivu, laini kama unga wa wanja, si jambo la kukutisha, hiyo ni kawaida ya chuma kuzeeka. Oili ikiwa nyekundu iliyofifia kuwa ya kahawia, na harufu ya kuungua si kali, kuna matumaini makubwa. Badilisha chujio, rudisha oili mpya ya aina ile ile, endesha siku mbili tatu bila mzigo, mwaga tena, tia tena, na mara ya tatu pia. Nasema mara tatu kwa sababu ukifungua sampu hutoka lita 3 au 4 tu, na gari la ukubwa ule hubeba 9 au zaidi. Nyingine imebaki kwenye konvata na mabomba. Kupima kiwango nako kuna utaratibu wake. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti, hupimwa injini ikiwaka, oili ikiwa katika joto lililoandikwa kitabuni, kwa kufungua boliti ya kumwagia ziada. Fundi akikuambia anakisia tu, shukuru na uondoke.

Mkiona oili nyeusi, inanuka kama mkaa, na kwenye sumaku mna vipande vinavyong'aa, basi giaboksi ifunguliwe au ibadilishwe. Na hapo sharti fundi abadilishe au asafishe kabisa kile kipoza cha zamani, kwa sababu vumbi la chuma lililobaki humo litaingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza.

Na kuna rangi ya tatu. Ikiwa nyepesi ya waridi kama sharubati ya maziwa, maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Hili nalitaja kwa sababu ya hapa kwetu. Visima vyetu vingi vina chumvi, na madereva hujaza rejeta kwa maji hayo hayo. Chumvi hula kile kitangi cha ndani mpaka kitoboke. Muulize kijana maji ya kuongezea anayachota wapi. Iwe dawa ya rejeta na maji ya betri, basi.

Sasa mzigo wenyewe, na hapa dada yangu nitakuwa mkali kidogo. Mlipotoka Mayungu mliwahi kujua mnavuta kilo ngapi? Boti ya futi 23 na injini mbili, weka 1,200. Trela ya mabomba mazito, 400. Petroli kwenye madumu, lita 150 ni kama kilo 110. Nyavu, kamba, nanga. Na ngama je, ilifutwa? Boti iliyolala na maji ya mvua tumboni inaweza kuwa na lita 200, na kila lita ni kilo nzima. Hapo mmefika tani 2, na trela haina breki. Pikapu nyingi za aina yako hutajwa kitabuni kuwa zinaruhusiwa trela isiyo na breki mwisho kilo 750. Kwa uzito wenu trela lazima iwe na breki zake. Barabara ya Kilifi ina watoto wa shule, ina bodaboda, ina mbuzi. Siku gari litakapotakiwa kusimama ghafla, tani 2 zitalisukuma kutoka nyuma, na hapo hatutazungumzia oili. Shilingi za kwanza utakazopata baada ya oili, zitie kwenye breki za trela. Kipoza kisubiri kama lazima kitu kimoja kisubiri.

Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Injini mbili za nyuma huvuta mkia chini, trela ikayumba ukifika mwendo wa 80. Wewe una mizani ya kupimia samaki, ile ya kuweka chini. Simamisha trela mahali sawa, weka pua yake juu ya mizani kwa kipande cha mbao, isome. Kwa tani 2 inatakiwa kama kilo 200, na usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye chuma cha kuungia. Ikiwa ni kilo 60, sogeza boti mbele kwenye trela.

Kwa ufukwe, fanyeni hivi. Boti itolewe siku za bamvua, maji yakijaa, ili iletwe yenyewe mpaka karibu na ardhi ngumu. Kungoja siku chache za mwezi ni rahisi kuliko giaboksi. Tairi zitolewe upepo mpaka paundi 18 hivi, za gari na za trela pia, maana trela ndiyo inayozama kwanza, na pampu iwepo ya kuzijaza kabla ya lami. Gari liwekwe 4L, ile gia ndogo ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, tangu mwanzo, kabla halijazama. Kwenye 4L konvata haipati taabu, gia ndogo ndiyo inabeba mzigo. Mkifika lami itolewe. Na kama mna kamba nzito ya kutosha, gari libaki juu kwenye ugumu, trela ishushwe kwa kamba na ivutwe kwa kamba. Likizama hata mara moja, mguu utoke kwenye mafuta. Koleo, na vijana. Ukiwaita wale vijana wa pwani mapema utawalipa pesa ya chai. Mlipowaita mwisho, mlikuwa mmeshamlipa fundi.

Jambo moja dogo ambalo watu wa boti hulisahau. Gari lililotoka safari, difu yake, ile nyumba ya gia iliyo kwenye ekseli, ni ya moto. Ukiliingiza maji ya bahari papo hapo, hewa ya ndani husinyaa, na difu huvuta maji ya chumvi kupitia sili na tundu lake la kupumulia. Miezi miwili baadaye beringi zinalia. Lipoe robo saa kwanza, na jioni lioshwe chini kwa maji matamu, pamoja na vikombe vya magurudumu ya trela.

Boti ya Kilifi iache huko. Ongea na mwenye karakana, au ukodishe gari la kazi hiyo kwa safari moja, lenye trela ya breki. Au subiri bamvua, irudi kwa bahari, ndiyo njia yake ya asili, na kusi ikishatulia si safari ya kutisha.

Sasa mwanao. Shemeji yako anasema ameliua gari. Mimi naona kijana aliyepewa boti ya tani, trela isiyo na breki, siku ya maji mafu, na hakuna aliyemwonyesha 4L ni ya nini. Aliyofanya pale mchangani yangefanywa na madereva wengi wenye leseni ya miaka ishirini. Taa ilipowaka alisimama. Alipofika alikueleza kila kitu, mpaka dakika kumi alizongoja, na ni kwa ajili ya maelezo yake hayo mimi nimeweza kukujibu. Dereva mwongo angesema gari lilianza lenyewe. Ufunguo usimnyang'anye.

Siku ya kushusha sampu usimtume peke yake na usiende peke yako. Nendeni wote wawili. Mwambie fundi ampe kijana sumaku aipanguse yeye mwenyewe kwa kitambaa, akuonyeshe wewe amekuta nini. Na asubuhi hiyo, kabla hamjatoka, hakikisha amekunywa chai.